Barua ya Glavu

Mkanda wa Bi. Geddes ulikuwa wa ngozi nene, umepasuliwa ncha mbili, nao ulilala kwenye droo ya meza yake pamoja na chaki. Elspet Lovie aliuonja wiki yake ya kwanza shuleni, akiwa na miaka mitano, kwa sababu mwalimu alimuuliza jambo naye akajibu kama alivyozoea kumjibu bibi yake nyumbani. Hakujua kwamba kuna namna nyingine ya kujibu. Portwhinnie nzima, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Uskoti, ilisema hivyo: wavuvi, wenye maduka, hata mchungaji akishashuka mimbarani. Bi. Geddes mwenyewe, akija gatini Jumamosi kununua samaki, alivutana bei kwa Kiskoti hichohicho, tena kwa ulimi mwepesi kuliko wa muuzaji. Lakini ndani ya ukuta wa shule, ambako Kiingereza peke yake kiliruhusiwa, Kiskoti kilikuwa uchafu wa mdomoni, na uchafu huo ulitolewa kwa mkanda.

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa Januari, mambo yaligeuka. Watoto walipangwa mstari mbele ya wazazi wao, nywele zimelowa maji na kuchanwa, wakaghani mashairi ya Kiskoti ya watu waliokufa zamani. Aliyeghani vizuri kuliko wenzake alipewa cheti. Elspet alikipata miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja alipewa cheti Ijumaa, akachapwa Jumatatu. Bibi yake alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, kisha akamshika kile kiganja chekundu, akakitazama kwa muda.

"Wanakipenda kikiwa kimevaa suti, mjukuu wangu," alisema. "Kikija na buti za kazi wanakifungia nje."

Basi Elspet akajifunza kuwa na midomo miwili. Mmoja ulikuwa wa shule, wa daktari na wa mtu yeyote mwenye tai. Mwingine ulikuwa wa nyumbani. Kuandika kulikuwa kwa mdomo wa kwanza peke yake. Hapakuwa na mtu Portwhinnie aliyeandika alivyosema. Mwanamke ambaye angeweza kukuchekesha mpaka ukae chini barabarani, akishika kalamu aligeuka karani: natumaini barua hii itakukuta u mzima kama inavyoniacha mimi.

Alipotimiza miaka kumi na sita alifuata wasichana wengine kwenye kazi ya heringi. Walisafiri kwa treni kuelekea kusini kadiri samaki walivyosogea, mpaka bandari ya Yarmouth huko Uingereza, watatu watatu: wawili wa kupasua samaki na mmoja wa kuwapanga kwenye pipa na chumvi. Mwenzake wa kupasua alikuwa Mina Gatt, msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwao, mwembamba, mwenye maneno. Kila asubuhi kabla ya kazi walifunga vidole vyao kwa vitambaa vya magunia ya unga ili kisu kisikate na chumvi isiingie jerahani. Mtu anaweza kujifunga mkono wa kushoto. Wa kulia hawezi, lazima mwenzake amfunge, na akikaza sana damu haipiti, akilegeza kisu kinapita. Misimu sita mfululizo Mina alifunga mkono wa kulia wa Elspet, na Elspet akafunga wa Mina. Hawakuwahi kugombana juu ya fundo.

Kisha Mina akaolewa mjini Aberdeen na bwana Forsyth, karani wa meli, mtu wa kola nyeupe. Kabla mwezi haujaisha barua yake ikafika. Elspet aliifungua akiwa amesimama mlangoni, akasoma mstari wa kwanza, akaurudia. Mina alikuwa ameandika kama wanavyosema. Kila neno lilikuwa limeandikwa kwa sikio, bila aibu, kana kwamba Bi. Geddes hakuwahi kuzaliwa. Alimsema mama mkwe wake, alikisimulia kiti cha choo cha mbao kilichopakwa rangi, akausimulia upweke wake. Elspet alicheka, akalia kidogo, akaketi kumjibu. Mara ya kwanza mkono ulisita, ukingoja kuchapwa. Kisha ulikwenda wenyewe. Ilikuwa kama kuvua viatu vya kanisani.

Waliandikiana hivyo miaka thelathini na minane.

Elspet aliolewa na Dod, kijana mpole wa boti ya kuvua samaki wa hadoki, naye wa jina la Lovie ingawa hawakuwa ndugu, mwenye kawaida ya kuimba akifunga kamba za viatu. Nahodha wa boti alikuwa mume wa Bellann, mwanamke wa rika la Elspet, na boti yenyewe iliitwa Bellann, kwa jina la mkewe. Mwezi wa Februari mwaka 1963, majira ya baridi yaliyogandisha hata mabomba ya kanisa, boti ilitoka alfajiri na watu watano, haikurudi. Bahari haikurudisha hata mmoja wao.

Kuna jambo ambalo kila mke wa mvuvi pale analijua kabla hajajua kupika. Mwanamume akishavuka kizingiti kwenda botini, haitwi, kwa kuwa kumwita ni kumtia mkosi yeye na boti yake. Haulizwi anakwenda wapi, hakimbiliwi kupelekewa alichokisahau. Na akiitwa, inampasa arudi ndani, akae, ale kitu, na bahari aiache siku hiyo. Asubuhi ile Dod alisahau glavu zake za sufu. Elspet ndiye aliyezifuma, za kijivu zenye ukingo mwekundu, nazo zilikuwa kwenye reli ya jiko, ile fito ya chuma ya kuanikia nguo, zikikauka. Aliziona, akafikiria baridi ile na mikono ile, akafungua mlango akamwita jina lake.

Dod alisimama. Hakugeuka. Alikaa hivyo muda wa pumzi mbili, mgongo kwake, kisha akaendelea, kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa na injini ilikuwa imeshawashwa.

Wanawake walipokuja kukaa matanga, Bellann alikuwa miongoni mwao, mfiwa kama yeye, na kwa kutaka kusaidia alinyoosha mkono kuziondoa glavu kwenye reli. Elspet alipiga ukelele ambao jirani wa ng'ambo aliusikia. Bellann alidhani ni uchungu, akaziacha. Zilikaa pale mpaka kiangazi.

Hakumwambia mtu. Aliingia kiwanda cha samaki kukata minofu, na Bellann akaingia wiki hiyohiyo, wakasimama meza moja, bega kwa bega, vichwa chini, visu mkononi. Hivyo ndivyo walivyozeeka. Bellann aliokoa maisha yake, kusema kweli. Siku ambazo Elspet hakutaka kuamka, Bellann aligonga dirisha kwa funguo na kumwambia kwamba hadoki hawajikati wenyewe. Walikaa benchi moja kanisani, walikula skonzi kutoka bati moja. Na kila siku, kwa miaka hiyo yote, Elspet alimtazama yule mwanamke akila, akijua anachokijua.

Baada ya miaka miwili hakuweza tena kukibeba peke yake. Aliketi jikoni kumwandikia Mina. Alijaribu kwanza kwa Kiingereza, akidhani kitaliweka jambo lile mbali naye kidogo, lakini kila sentensi ilitoka kama taarifa ya polisi, na ndani yake hapakuwa na Dod wala baridi. Akaichana, akaanza upya kwa ulimi wake. Ilimchukua jioni nne. Aliandika glavu, aliandika mgongo, aliandika jinsi neno linavyotoka kinywani likiwa bado na joto na huwezi kulishika mkia ukalirudisha. Mwishoni alimwomba Mina aichome.

Jibu lilikuja kwa posta ya kwanza. Nimeiweka motoni, shoga yangu, Mina aliandika. Imeisha yote mpaka majivu. Sasa ni mimi na wewe tu.

Usiku huo Elspet alilala mpaka asubuhi, kwa mara ya kwanza.

Miaka ikapita, na dunia ikabadilisha nia juu ya ulimi wao. Kile kilichochapwa sasa kilitafutwa. Wakaja vijana wa chuo kikuu na vinasa sauti, wakiwaomba wazee waseme majina ya ndege. Mina, ambaye watoto wake walikuwa wameshakua, akaanza kuandika safu ya Kiskoti kwenye gazeti la huko mjini, visa vifupi vya mwanamke wa kijiji cha wavuvi, vya kuchekesha. Elspet aliposoma vile vya mwanzo alitambua maneno ya bibi yake, na kisa cha mbuzi wa mchungaji ambacho yeye ndiye aliyemwandikia. Mina alikuwa ameshamwambia, naazima kwako neno mojamoja, hutakasirika? Hakukasirika. Alijisikia kama mtu aliyemwazima rafiki shali, kisha akamwona amevaa harusini. Alikata vipande vile gazetini akavitia katika bati la biskuti pamoja na barua.

Halafu kikatoka kitabu. Kikapata tuzo, kikasomwa redioni. Umoja wa wanawake wa kanisa ukamwalika Mina aje akisome nyumbani, Jumamosi saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kijiji. Bellann ndiye aliyeleta habari, akiwa amekwisha kununua kopi mbili kwa ahadi kwamba Mina atazitia sahihi.

"Vaa lile koti la bluu," alimwambia Elspet. "Mina wetu amekuwa mtu mkubwa. Tusije tukamwaibisha kwa kunuka hadoki."

Walikaa mstari wa tatu. Mina alikuwa amenenepa kidogo, ana skafu ya hariri na miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Alisalimu kwa Kiingereza kizuri, akamshukuru huyu na yule, kisha akafungua kitabu, na sauti yake ikageuka kuwa ile ya Yarmouth. Ukumbi ukalainika. Watu waligusana kwa viwiko, wakawatambua marehemu wao, wakacheka. Mbuzi wa mchungaji alimfanya mpiga kinanda afute machozi. Elspet alicheka pamoja nao, na Bellann akamnong'oneza kwamba mbuzi yule alikuwa mbaya zaidi ya hapo.

Kisha Mina akavaa miwani vizuri. Alisema kipande cha mwisho ni kizito kidogo, na kwamba ndicho watu wanachomwandikia juu yake kutoka nchi za mbali. Akasoma mstari wa kwanza.

Glavu zilikuwa hazijakauka.

Elspet aliutambua mstari huo mara moja. Alijua neno linalofuata, na linalofuata hilo, kwa sababu alilitafuta kila moja kwa jioni nne, akifuta, akirudia. Dod alikuwa amepewa jina la Jock, boti ilikuwa na jina jingine, na mwezi wa Februari ulikuwa Novemba. Lakini glavu zilikuwa za kijivu zenye ukingo mwekundu, na reli ilikuwa reli ileile. Mina alisoma vizuri mno. Alipofika kwenye ule mgongo na zile pumzi mbili alinyamaza, kama vile Elspet alivyonyamaza na kalamu mkononi. Pale ukumbini watu walikuwa wanalia, na wengine biskuti zao zimesimama njiani kwenda mdomoni.

Hakuthubutu kumtazama Bellann. Alitazama mikono ya mwenzake. Ilikuwa imelala juu ya kopi mbili za kitabu, na kisha haikuwa imelala tena, ilikuwa imezikamata. Makofi yalipoanza Bellann alisimama, akaweka vitabu juu ya kiti, akatoka akipita katikati ya magoti ya watu.

Elspet alimkuta Mina nyuma, jikoni mwa ukumbi, ambako wanawake walikuwa wamemwachia nafasi anywe chai. Mina alipomwona alifungua mikono, kisha akaishusha.

"Uliniambia uliichoma," Elspet alisema.

"Nilifika mpaka mlango wa jiko, Elspet. Niliufungua kabisa. Nilishindwa."

"Miaka ishirini na tisa ulishindwa?"

Mina aliweka kikombe chini. Alieleza kwa haraka, kama mtu aliyejifunza maelezo yake kwenye treni. Alikuwa amebadilisha majina. Alikuwa ameogopa kumuuliza kwa sababu alijua angekataa, na kukataa kungekuwa dhambi. Maprofesa walikuwa wanakitaja kipande kile. Walikuwa wanasema Kiskoti hakijawahi kuandikwa hivyo katika karne nzima, kwamba kama lugha itaishi, itaishi kwa maandishi ya namna ile.

"Wewe na mimi tulichapwa kwa ajili ya maneno haya," alisema. "Ulitaka yafie ndani ya bati?"

"Na jina lililo kwenye jalada?"

Mina alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Nilitaka kulisema lako. Ningelisema, watu wangejua ni wewe uliyemwita. Nilikuwa nakuficha, ndugu yangu."

Elspet aliitazama ile mikono ya rafiki yake, yenye pete, yenye makovu madogo meupe ya kisu ambayo hata yeye anayo. Aliwaza jinsi alivyokuwa akimnyooshea mkono wa kulia kila asubuhi bila kutazama fundo.

"Unasema lugha yetu," alisema. "Mimi sikuiandikia lugha yetu, Mina. Nilikuandikia wewe."

Akamwacha na chai yake.

Jumapili Bellann hakuonekana kanisani. Jumatatu asubuhi hakugonga dirisha. Elspet alikuwa anavaa buti za kazi aliposikia hodi ya mlango, hodi ya mgeni, na alipofungua, Bellann alikuwa amesimama chini ya ngazi, hakutaka kupanda.

"Ulimwita?" Bellann aliuliza.

"Nilimwita."

"Na akasikia."

"Alisimama. Hakugeuka. Mumeo alikuwa ameshawasha injini." Elspet alisikia maneno hayo ya mwisho yakitoka, akatamani kuyameza. "Sikusema hivyo kumlaumu."

Bellann alitikisa kichwa, kama mtu anayefukuza nzi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na asubuhi ile alionekana na themanini. Alisema hakuja kwa habari ya glavu. Alikuwa amewaza usiku wa siku mbili, na hakujua kama bado anaamini mambo ya kuita na kutoita. Barafu ilikuwa nzito mwaka ule, boti tatu nyingine zilizama pwani hiyo, na wake za wavuvi hao hawakumwita mtu. Kwa hilo angeweza kuja kukaa jikoni, wakalizungumza mpaka liishe.

"Ungeniambia mwaka uleule ningekupiga," alisema. "Ungeniambia baada ya miaka mitano ningelia na wewe. Ulimwambia Mina. Mimi nilisimama na wewe meza moja, nikila mkate wako, na ukamwandikia mtu wa Aberdeen. Nimekuja kuambiwa ukumbini, mbele ya watu wanaokula biskuti."

"Sikuweza kulisema kwa mdomo, Bellann."

"Mimi najua kusoma."

Akageuka. Elspet alisimama mlangoni akiutazama ule mgongo ukishuka njia ya gati. Alitaka kuita. Kinywa chake kilikuwa tayari kimefunguka. Hakuita.

Kiwandani alikuta Bellann ameomba kuhamia meza ya mwisho, karibu na mlango wa chumba cha barafu, mahali ambapo hakuna anayependa. Msimamizi aliuliza kama kuna ugomvi, na Bellann akasema hakuna ugomvi wowote. Walikata minofu siku nzima na mita kumi za sakafu lowevu kati yao. Wanawake wa meza nyingine walizungumza kwa sauti ya chini, na Elspet alipokaribia walizungumzia hali ya hewa.

Wiki ile alishusha bati la biskuti. Barua zote za Mina zilikuwa mle, zimefungwa kwa uzi wa nyavu, mwaka kwa mwaka. Alizisoma jioni moja, akiwa bado na aproni. Ilikuwapo ya mwaka 1959, karatasi nyembamba ya samawati, ambamo Mina alimwambia jambo kuhusu mtoto wake wa kwanza ambalo bwana Forsyth hakuwahi kulijua, wala mtoto mwenyewe. Naye aliomba ichomwe. Naye Elspet hakuichoma.

Alikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Kijana wa gazeti alikuwa amemwachia kadi siku ile ukumbini, akisema anatafuta chochote kuhusu maisha ya Mina ya zamani, na kadi ilikuwa pale, nyuma ya saa. Hakuwa na hakika kama yeye ni mwema kuliko Mina au ni mvivu tu wa kudhuru. Alijua kwamba naye alishindwa kuchoma, na kwamba sababu yake ilikuwa ileile: iliandikwa vizuri mno, na ilikuwa yake.

Akaikunja, akairudisha mahali pake katika ule mwaka. Akalifunga bati kwa karatasi ya kaki. Kisha akachukua kalamu.

Mkono ulianza kwa mazoea, kwa lile neno walilokuwa wakifungulia barua tangu ile ya kwanza. Aliutazama ukiandika. Akachukua karatasi nyingine, akanyoosha mgongo, akaandika kwa Kiingereza, herufi za duara kama Bi. Geddes alivyofundisha, mistari imelingana.

Mpendwa Bibi Forsyth, aliandika. Ninakurudishia, pamoja na hii, barua zako zote. Tafadhali pokea taarifa kwamba sitakuwa na nafasi ya kuandika tena. Ninatumaini bati hili litakukuta u mzima. Wako mwaminifu, E. Lovie.

Aliisoma mara mbili. Hapakuwa na kosa hata moja, na hapakuwa na mtu ndani yake.

Posta kulikuwa na msichana aliyemjua tangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Alilipima bati, akatazama anwani, akatabasamu.

"Zawadi ya Mina hiyo, mama?" aliuliza, kwa ulimi wao. "Mwambie kwamba mama yangu bado analia kwa ile ya glavu."

Elspet alifungua kinywa kumjibu. Alingoja neno lije, lile la kawaida ambalo angelisema siku yoyote. Halikuja. Kilichokuja kilikuwa sauti ya darasani, safi, iliyopigwa pasi.

"Posta ya kawaida tu, tafadhali," alisema kwa Kiingereza. "Asante sana."

Msichana alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mgeni huyu. Elspet alichukua chenji yake na risiti. Nje upepo ulikuwa unatoka baharini, na alitia mkono wake wa kulia mfukoni, akaukunja ngumi, akaubana hivyo mpaka nyumbani.